Msiba wa Ng'ambo ya Bonde

Watu wa Kishanda walijua kwamba vitu viwili humtoa Bibi Kokwijuka kwenye uungwana wake: fuko akiingia kwenye kibanja chake cha migomba, na mtu akimficha jambo. Fuko alimtegea kamba. Mtu alimtegea maswali. Ukisema unakwenda Rubya kumwona mgonjwa, atakuuliza ni mgonjwa gani, anaumwa nini, amelazwa wodi ipi, na kama ni hivyo kwa nini umevaa viatu vya harusi. Vijana walimwita Polisi, nyuma ya mgongo wake bila shaka, maana mbele yake hakuna aliyethubutu. Isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa mwanawe wa mwisho, Mwijage.

Haukuwa umbea mtupu, ingawa kidogo ulikuwemo, tusimsingizie utakatifu. Ulikuwa na chanzo chake. Mumewe, Alexander, alifia hospitalini wakati Mwijage bado mtoto wa kubebwa. Wazee wa ukoo walipata habari alfajiri, wakakubaliana mke asiambiwe mpaka afike. Wakamtuma mtu kumwambia kwamba mgonjwa ameamka na ameomba uji wa ulezi. Kokwijuka akawasha moto kwa furaha, akapika, akamimina kwenye chupa ya chai, akamfunga mtoto mgongoni na kushika njia. Akawa anamwambia kila aliyekutana naye: ameamka, ameomba uji. Watu wakaitikia huku wanatazama migomba. Njia nzima ilikuwa inajua. Alipofika aliwakuta wanaume wa ukoo wamejipanga nje ya wodi, kofia mikononi.

Kufiwa kulimuuma kama kunavyomuuma kila mtu, na miaka ikapita, akazoea. Uji hakuuzoea. Alikuwa ameuonja njiani, mara mbili, kuona kama sukari imetosha. Kila akikumbuka kwamba alisimama barabarani analamba kifuniko kwa ajili ya maiti, uso ulimwaka moto kama amechapwa kofi jana. Wanawe walipokua aliwaweka chini, Avit na Mwijage, akawaambia: "Mimi nikifiwa, niambieni. Nikiwa kanisani, nifuateni kanisani. Nikiwa nakula, niacheni nimeze tonge, halafu mniambie." Wote wawili waliitikia.

Avit akawa fundi seremala, akajenga Kagondo, pembeni ya mji wa Bukoba, mtu mpole mwenye tumbo na neno la kukubali kwa kila mtu. Mwijage akawa dereva wa malori, yale marefu yanayotoka Dar es Salaam mpaka kwenye migodi ya shaba ya Kongo. Mke wa Mwijage alifariki mapema, akaacha binti mmoja, Consolata, na Bibi Kokwijuka akamlea kwa ndizi, maharage na maswali. Sasa Consolata alikuwa kidato cha sita, shule ya bweni ya wasichana huko mjini, ambako simu haziruhusiwi. Kila Jumapili baada ya misa Mwijage alipiga simu Kishanda, popote alipo, na neno lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Afande, naripoti." Mama yake alimtukana kidogo, akacheka, kisha akaanza kumhoji: amekula nini, amelala wapi, na yule mwanamke anayekohoa hapo nyuma ni nani.

Jumapili hiyo ya Novemba simu haikulia. Jumatatu haikulia. Jumanne asubuhi Avit akatokea Kishanda na gari la kuazima, bila taarifa, amevaa shati lililofungwa vifungo vibaya. Akasema amekuja kumchukua Mama, kwa sababu Consolata na wenzake wataigiza mchezo kwenye siku ya wazazi.

"Siku ya wazazi lini?"

"Jumamosi."

"Leo Jumanne."

"Upumzike kidogo, Mama. Na tukapime presha."

Presha alikuwa nayo kweli, na daktari alikuwa amemwonya asishtuliwe. Bado jambo halikumkaa sawa. Jirani yake Edvina alikuja kuchukua funguo na kuahidi kuangalia mbuzi, akawa anafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Una nini?"

"Moshi, Mama Avit."

"Moshi wa jiko lipi? Lako halijawashwa tangu asubuhi."

Edvina akamkumbatia kwa nguvu, jambo ambalo halikuwa desturi yake, na Avit akapiga honi. Kokwijuka akaingia garini anagombana na mkanda.

Kule Kagondo alitunzwa kama bibi harusi, na hilo lilimtia wasiwasi kuliko kitu chochote. Georgina, mke wa Avit, mwanamke mwenye mkono mgumu ambaye kwa kawaida humpa mkwe wake chai ya rangi na heshima zake, sasa alimkaangia panzi wa senene bakuli zima, akamletea maji ya moto ya kuoga, akamtandikia shuka mpya. Watu wazima waliingia chumbani na kunyamaza. Simu yake ndogo, ile ya kitochi, Avit aliichukua siku ya kwanza, akasema ina maji ndani, ameipeleka kwa fundi.

"Mwijage akipiga je?"

"Amepiga kwangu, Mama. Anakusalimu sana. Yuko mahali hakuna mtandao."

"Kama hakuna mtandao, hizo salamu zimekuja na ndege gani?"

Avit akakohoa, akasema alimaanisha mtandao unakatika katika. Kokwijuka alimtazama mpaka mwanaume mzima akakumbuka kwamba ana mbao za kuranda. Baadaye alimsikia huko nyuma ya jiko anaongea na simu kwa sauti ya chini: "Hivyo vibali bado? Basi wakivuka Tunduma mtuambie." Mama akajisemea kwamba ni mzigo wa mbao. Mbao za Avit hutoka msitu wa karibu, na hajawahi kuagiza kitu Tunduma, huko mpakani na Zambia, maishani mwake, lakini mama akasema ni mbao.

Utashangaa Polisi mzima alishindwaje kung'amua. Mimi sishangai. Maswali yake yote yalikuwa tayari, yamenolewa, ila moja tu hakulisogelea. Alilizunguka kama mtu anavyozunguka shimo la choo gizani, kwa kujua vizuri kabisa liko wapi.

Alhamisi alimshika Georgina mkono na kumlazimisha ampigie Edvina. Alitaka kujua habari ya maharage, maana mvua ilikuwa nzuri na magugu hayangoji mtu.

"Umenipalilia upande wa juu?"

"Waitu, Mama Avit, wiki hii hatujashika jembe."

Hapo Kokwijuka akakaa wima. Kishanda hawaweki jembe chini katikati ya palizi kwa uvivu. Jembe huwekwa chini kijiji kikiwa na maiti ambayo haijazikwa.

"Nani amefariki?"

"Mzee mmoja. Ng'ambo ya bonde."

"Mzee yupi? Ng'ambo ya bonde nawajua wote mpaka kuku wao."

Simu ikakatika. Georgina akasema salio limeisha, akaiweka kifuani kwake kama mtu aliyekamata kifaranga.

Kokwijuka alilala vibaya. Sasa alikuwa na cha kumuumiza kinachoeleweka, na karibu afurahi kukipata: msiba wa kijijini unampita. Mwanamke wa umri wake, aliyezungukwa na majirani wakati wa msiba wake, kukaa mjini anakula senene wakati wenzake wanalala chini kwa mfiwa! Watasema nini? Asubuhi akamwambia Avit amrudishe. Avit akasema barabara mbaya, akasema Consolata atavunjika moyo, akasema Jumamosi jioni, baada ya mchezo, watakwenda wote Kishanda, nyumba nzima.

"Nyumba nzima kwenda kufanya nini?"

"Kukusindikiza, Mama."

"Basi msinitie aibu. Mpigie Edvina, mwambie aingie kibanjani kwangu, nyuma ya nyumba kuna mgomba umezaa mkungu mkubwa, nilikuwa nautunza kwa Krismasi. Aukate, aupeleke huko kwa wafiwa. Aseme umetoka kwangu. Aseme niko mjini kwa matibabu lakini moyo wangu uko nao."

Avit alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe, akakosa meza, kikamwagika. Akatoka nje na kusimama kwenye vumbi la mbao, amewapa mgongo, mabega yanamtikisika. Mama alimwona kupitia dirisha. Akasema moyoni kwamba mtoto huyu amekuwa na moyo mwepesi, analilia hata mzee asiyemjua. Akaomba Mungu amsaidie.

Jumamosi mchana walikwenda ukumbini. Kokwijuka hakuwahi kuona mchezo wa jukwaani maishani, ukiacha ule wa Krismasi parokiani, ambako Herode huwa ni katekista na watu humzomea kwa jina lake la nyumbani. Ukumbi ulijaa wazazi kwenye viti vya plastiki. Avit akamkalisha katikati, yeye kushoto, Georgina kulia, kama mahabusu, na nafikiri ndivyo ilivyokuwa.

Kabla ya kuanza Consolata alichungulia pazia, akamwona bibi yake, akakimbia kuja kumpigia magoti. Alikuwa amevaa gauni refu lililoshonwa kwa pazia la zamani, na nywele zake zimepakwa unga wa ngano ziwe na mvi.

"Shikamoo Bibi! Nitakuwa mzee kama wewe, usinicheke." Kisha akatupa macho kwenye viti. "Baba alisema atakuja. Amefika?"

"Yuko njiani," Avit akasema haraka.

Consolata akapiga makofi, akarudi mbio. Kokwijuka akamgeukia mwanawe. Yeye aliambiwa na Avit kwamba Mwijage yuko Kongo mpaka mwezi ujao. Lakini mwalimu alishapanda jukwaani.

Huyo alikuwa Mwalimu Gamaliel, kijana mwembamba mwenye koti kubwa kuliko yeye. Akaeleza kwamba mchezo huu ni wa Kimarekani, wa zamani sana, umechezwa Marekani tangu kabla ya wengi waliomo ukumbini kuzaliwa, na kwamba yeye na wanafunzi wameutafsiri kwa Kiswahili. Akaomba simu zizimwe. Pazia likavutwa, likakwama, likavutwa tena.

Ikawa nyumba ya mbao kwenye nchi ya ngano, nchi tambarare isiyo na kilima hata kimoja, na Kokwijuka akawahurumia papo hapo. Ndani kulikuwa na mama mjane, Mama Ruthi, na huyo ndiye Consolata. Akaingia anaburuta mguu wa kulia, mkono mmoja kiunoni, anafyonza, anakagua vumbi kwenye kiti kwa kidole. Ukumbi ukacheka. Kokwijuka akahisi masikio yanawaka, kisha akatabasamu hadi ufizi, maana mwendo ule, mfyonzo ule na kidole kile vilikuwa vyake. Mtoto alikuwa amemwiba mzima mzima na kumpeleka Marekani.

Mama Ruthi alikuwa na watoto watatu, wasichana waliochorwa ndevu za makaa isipokuwa mmoja. Walikuja wote siku moja, bila taarifa. Wakamletea keki. Wakamwambia akae, asihangaike, watamfanyia kila kitu. Kila alipotoka waliongea kwa kunong'ona, na kila aliporudi waliongea habari ya hali ya hewa. Walikuwa wameuza nyumba na shamba bila kumwambia, ili wamhamishie mjini, na kwa kuwa walimwogopa na walimpenda, walingoja saa nzuri ya kusema. Saa nzuri haikuja. Alikuja mtu kupima uwanja, wakamwambia mama kwamba huyo ni mtu wa kanisa.

Mwanzoni Kokwijuka alitazama kama anavyotazama kesi barazani kwa mtendaji, mikono kifuani, tayari kutoa hukumu. Kisha akaacha kufurahia. Keki ile ilimkwama kooni kana kwamba yeye ndiye anayeitafuna. Alitaka kutoka nje apate hewa.

Ikaja sehemu ambayo nyuma ya jukwaa kengele ililia na sauti ya mtu ikaanza kunadi vitu. Mnada ulikuwa umeanza uani, vyombo vyote vya nyumba vinauzwa. Mama Ruthi akainua kichwa.

"Kuna nini huko nje?"

"Ni kwa jirani, Mama," mwana mkubwa akasema. "Wanahama."

"Maskini," akasema Mama Ruthi. "Kuhama na baridi hii." Akafikiri. Akaburuta mguu mpaka kitandani, akavuta blanketi lake, lile alilolishona mwenyewe kwa vipande vya nguo za mumewe, akalikunja vizuri, akampa mwanawe. "Wapelekee. Waambie limetoka kwangu."

Mwana akalipokea. Akatoka nalo. Na huko nje sauti ya mnadi ikaanza kulinadi blanketi.

"Ni kwako!"

Kokwijuka alikuwa amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi. "Maawe! Mama we, ni kwako! Hakuna jirani, ni kwako wewe! Wanakuficha! Waulize!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watu waligeuka kwenye viti, wengine walipiga makofi, mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mwambie, Bibi!" Jukwaani wasichana walikauka, isipokuwa Consolata, ambaye aligeuka pole pole upande wa viti, mkono sikioni, akasema kwa sauti ya Mama Ruthi, "Nimesikia kama mtu ananiita," na kicheko kikawa makofi ya kweli. Mwalimu Gamaliel alifuta jasho.

Kokwijuka akakaa, amejawa na aibu, akageuka kumwomba mwanawe radhi. Avit hakuwa anacheka. Alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili, na machozi yalikuwa yanapita kati ya vidole. Akageuka upande wa pili. Georgina alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge, anamtazama mkwe wake kwa macho ya mtu aliyevunja chungu.

Watu wote wa ukumbi ule walicheka, ila hawa wawili.

Basi akalitazama lile shimo. Hakukuwa na mzee wa ng'ambo ya bonde. Majembe ya Kishanda yalikuwa chini kwa ajili yake. Kuna watu walikuwa wamekaa nyumbani kwake sasa hivi, kwenye mkeka wake, wanakula mkungu wake aliowatumia wafiwa, na mfiwa alikuwa yeye. Walimwondoa ili waweze kulia kwa sauti. Vibali, Tunduma. Yuko njiani. Avit hakusema uongo kwa mtoto, alisema kweli ya kutisha kuliko uongo wowote.

Alidhani atapiga kelele. Daktari alikuwa amesema moyo wake usishtuliwe, naye alingoja moyo usimame, hata akautamani usimame, lakini uliendelea tu kupiga kwa ukaidi. Hasira ilikuja kwanza, kwa sababu aliizoea njia yake. Aliwachukia wote. Aliwachukia wazee wa ukoo waliokwisha kuoza, akamchukia Edvina na moshi wake, akamchukia Avit, mtoto aliyeitikia kwa kinywa chake mwenyewe. Nyuma ya hasira kulikuwa na kitu kingine, na hicho alikizuia kwa meno.

Jambo moja tu lilimzuia kwenye kile kiti. Jukwaani binti wa Mwijage alikuwa anaburuta mguu, ana mvi za unga, na sasa yeye ndiye asiyejua. Watu wazima walikuwa wameamua mtoto amalize mchezo wake kwanza. Kokwijuka akaielewa hesabu yao, akaichukia, na akakaa. Alitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Mama Ruthi aligundua. Hakuwalaani watoto wake; alikaa kwenye sanduku, maana viti vilishauzwa, akawauliza kwa nini hata mmoja wao hakumwona ana nguvu ya kutosha kuambiwa. Wazazi wengi walilia. Kokwijuka hakulia. Alikuwa anasikiliza sauti ya mtoto tu, akitafuta ndani yake sauti ya Mwijage, na ilikuwemo, hapo mwisho wa maneno, pale anapomeza silabi.

Pazia lilipofungwa Avit akamshika kiwiko. "Mama, twende moja kwa moja kwenye gari. Consolata atakuja na sisi. Tutaongea tukifika."

"Tutaongea nini?"

"Tukifika, Mama. Kuna watu. Kuna nesi anatusubiri huko."

Kokwijuka akautoa mkono wake. Akapita kati ya viti na watu waliotaka kumsalimu, bibi aliyeuchangamsha mchezo, akawapa mkono mmoja mmoja kama mtu anayepokea rambirambi, ila wao walikuwa wanacheka. Akapanda ngazi za pembeni.

Nyuma ya jukwaa kilikuwepo chumba kidogo chenye vitabu vya nyimbo na ndoo ya maji. Consolata alikuwa peke yake, wenzake wamekimbilia soda. Mwalimu Gamaliel alikuwa mlangoni anataka kumpongeza bibi, na bibi akamwambia, "Asante mwalimu, mchezo wako ni wa kweli. Sasa tuachie nafasi," kwa sauti ambayo ilimfanya msomi aondoke bila kuuliza.

"Bibi! Umeniharibia halafu umenitengenezea!" Consolata alikuwa anacheka, anarukaruka. "Baba ameona? Amekaa wapi? Amekusikia ulivyopiga kelele?"

"Kaa hapa."

Akamkalisha kwenye benchi. Akachovya upindo wa kanga yake kwenye ndoo, akaanza kumfuta unga kichwani. Unga uligeuka ugali, ukashikana na nywele, na ilibidi amfute taratibu, fungu kwa fungu, kama alivyokuwa akimwogesha uani akiwa mdogo. Mvi zikaondoka, msichana akarudi. Alisikia viatu vya Avit vinapanda ngazi, vinakuja, vinasimama mlangoni. Akangoja mpaka viliposimama.

Mtu yeyote angesema alikuwa anangoja ili mtoto apate mtu wa kumshika. Hapana. Alikuwa na sababu yake mwenyewe, na ilikuwa ya kitoto. Hakuna aliyemwambia kitu. Hakuna kinywa kilichosema lile neno, si cha Avit, si cha Georgina, si cha Edvina. Yote aliyokuwa nayo ni majembe, vibali na machozi ya mtu mpole, na mzee anaweza kukosea. Alikosea mara ngapi! Alimshuku katekista kuwa ameiba mbuzi, na mbuzi akatoka kichakani. Basi atalisema yeye, kwa sauti, mbele ya Avit, na kama si kweli Avit ataruka. Atasema Mama, umechanganyikiwa, unamtisha mtoto, unasema nini! Atamkaripia. Kokwijuka aliyataka hayo makaripio kuliko alivyowahi kutaka chakula. Angeyapigia magoti.

"Consolata, mae," akasema, na sauti yake ilitoka nzuri, kubwa, ikajaa chumba. "Baba yako amefariki."

Msichana akamtazama. Tabasamu lilikuwa bado halijajua pa kwenda.

"Nani amekuambia, Bibi?"

"Bado hawajaniambia."

Wote wawili wakageuka mlangoni. Avit alikuwa amesimama pale na kofia mkononi, fundi mnene mwenye vumbi la mbao kwenye mikunjo ya shingo, na mama yake akamtazama usoni, akangoja akaripiwe. Alingoja. Huko ukumbini watu walikuwa wanapanga viti na kuitana. Avit hakumkaripia. Aliingia, akarudisha mlango taratibu, kisha akakunja magoti, akaketi chini kwenye saruji.